Kamera ya Mfuko

Kwamboka alikuja studioni kwangu mwezi uliopita, mvua ya alasiri ikiwa imeshaanza kupiga mabati kama kawaida ya Kericho, akasimama mlangoni akikung'uta mwavuli kana kwamba tuliachana jana. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka. Tunatumiana salamu za Krismasi kwenye simu na picha za watoto, basi. Alikuwa amenenepa kidogo, nami nimenenepa sana, tukachekana kwanza kabla ya kukumbatiana. Nikamkalisha kwenye kiti wanachokalia watu wa picha za pasipoti, nikammiminia chai kutoka kwenye thamosi. Alipomaliza kikombe cha kwanza alifungua mkoba akatoa picha iliyofungwa kwa gazeti, na nilijua ni ipi kabla hajaifungua. "Tunajenga kaburi ya Mama," akaniambia. "Simiti, marumaru kidogo, na picha. Watoto wangu wanasema siku hizi kompyuta inaweza kurudisha kitu yoyote. Sasa Chela, nataka unirudishie hii yenye iko nyuma. Ile chai. Ionekane ni Kericho." Nilimwambia aniachie, arudi Ijumaa. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu wa biashara, kwa sababu sauti nyingine sikuwa nayo wakati ule.

Watu wakiniuliza nilianzaje kazi ya picha, huwapa hadithi fupi ya binamu yangu mkimbiaji aliyeniletea kamera kutoka Ulaya. Wanaipenda. Ni ya kweli, lakini imekatwa pembeni, kama tunavyokata picha ya harusi ili mjomba mlevi asionekane. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo hayahusiani. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule tuliokaa chumba kimoja mimi na Kwamboka, na jinsi tulivyochagua kamera. Nasema "tulivyochagua" kwa mazoea.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya kinu cha posho hapa mjini, kwenye ploti yenye bomba moja la maji na majirani wengi. Kinu kikianza asubuhi vikombe vilitetemeka kwenye rafu, na unga mwembamba ukapenya chini ya mlango ukatua juu ya kila kitu, hata kope zetu. Tulikuwa na kitanda kimoja, jiko la mafuta ya taa, na pazia la maua lililogawanya chumba bila sababu yoyote. Kwamboka alikuwa mpishi na mimi mwosha vyombo, mpango aliouamua yeye baada ya kuonja ugali wangu mara moja. Tulibishana juu ya mboga. Saga ni ileile, lakini yeye Mkisii aliiita chinsaga na kuichemsha na maziwa mpaka uchungu uishe, na mimi Mkipsigis niliiita isagek na nikataka uchungu ubaki. Ukuta ulikuwa wa mbao, kwa hivyo habari za jirani yetu dereva wa trekta na mkewe zilitufikia bila kutumwa. Siku moja tulimsikia mke akimwambia mumewe, "Hawa wasichana wa picha hawataolewa. Wameona harusi mingi mpaka imewachosha." Tulijiziba midomo kwa mito tusisikike tukicheka.

Siku za kazi Kwamboka alichapia watu barua kwenye kompyuta za saiba, mimi nikauza mtumba sokoni. Wikendi tulikodi kamera ya studio moja, kamera kuukuu ambayo mlango wake wa betri ulibanwa kwa plasta, tukaenda kupiga picha za harusi, za ubatizo, na za koito, ile siku wazee wa mvulana wanapoenda kwa wazee wa msichana kuzungumza mahari. Jumapili isiyo na sherehe tulikwenda kwa Mama, yaani mamake Kwamboka, ambaye nilimwita hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Alikuwa mchuma chai katika shamba moja kubwa nje ya mji, na alikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu. Alikuja kutoka Kisii kuchuma msimu mmoja, Kwamboka akiwa mgongoni, na msimu ukakataa kwisha. Nyumba yake ilikuwa chumba na jiko, sakafu imesuguliwa mpaka inateleza, ukutani kalenda za miaka iliyopita ambazo hakuziondoa kwa sababu zilikuwa na picha nzuri. Tulikula ugali wa wimbi tumekaa kwenye vigoda karibu na moto, huku eproni yake ya plastiki ikining'inia mlangoni na kunukia utomvu wa majani. Mama alikuwa na mdomo mkali na mikono mizuri sana, vidole vyeusi nchani kwa sababu ya chai, na alikuwa akinifinya shavu kila nilipoacha chakula.

Mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho. Mwezi wa kumi na mbili angestaafu, arudishe ufunguo wa nyumba, arudi Kisii kwa watu wa marehemu mumewe ambao walimjua kwa jina tu. Hilo lilimsumbua kuliko alivyokubali. "Mimi nataka picha moja," alituambia Jumapili moja akigeuza ugali. "Si ya kanisa, ya kanisa niko nayo. Nataka nikiwa kwa chai, kikapu kwa mgongo, na ile mistari yetu yote ionekane mpaka kule kwa mizani ya majani. Nikifika nyumbani waniulize, 'Mama Kwamboka, miaka hiyo yote ulikuwa unafanya nini huko?' Nitoe niwaonyeshe. Sitaki kuongea sana." Kwamboka akamwambia hilo si jambo kubwa. Lakini lilikuwa kubwa. Simu zetu za wakati ule zilipiga picha, ndiyo, ila ukiichapisha, uso ulitoka kana kwamba umechovywa kwenye uji. Na kamera ya kukodi haikuweza kupita getini. Mwandishi fulani alikuwa amepiga picha za laini akaziweka gazetini, na tangu hapo wenye shamba hawakutaka kuona kamera. Soja alikuwa akifungua mikoba ya wageni moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo anapoingia Kibet, binamu yangu. Alikuwa mkimbiaji, si wa kushinda, bali wa wale wanaolipwa kuwavuta wenzao mwendo mwanzoni kisha wanatoka barabarani kabla ya utamu. Tulimpigia picha za koito yake bila malipo, akafurahi mno, akatuambia, "Mwezi ujao naenda kukimbia Ulaya. Nitawaletea kamera. Lakini ni moja, sindio? Mkupaliane mnataka kani." Kibet, kama wengi wetu, g na k kwake ni ndugu wa tumbo moja, na b na p pia. Kwamboka alimwiga mpaka Kibet mwenyewe akacheka.

Tulikwenda kusoma habari za kamera kwenye saiba ya Kwamboka wateja walipopungua. Tulibaki na mbili. Ya kwanza ilikuwa ya aina mpya wakati ule, isiyo na kile kioo cha ndani ambacho kamera kubwa za zamani zilikuwa nacho, kwa hivyo ni nyepesi kuliko hizo, lakini lenzi yake inatolewa na kubadilishwa, na ikipiga uso wa mtu, uso unakaa kama wa gazeti na nyuma yake kote kunalainika. Ya pili ilikuwa kijikamera chembamba kama kipande cha sabuni ya kuogea, lenzi inajirudisha ndani ukiizima. Tulipomweleza Mama, alishangaa. "Kamera haina kioo? Hiyo ni ya kipofu. Sasa mtaona picha wapi?" Tukamweleza kwamba kioo cha kutazamia kipo, kilichotolewa ni kingine cha ndani, akatuambia tusimchezee akili, kamera ni kamera.

Kwamboka alitaka ndogo, na hakuzunguka. "Hii naiweka kwa sidiria. Wacha nione soja mwenye atanigusa huko. Na inaona kila kitu, karibu na mbali, haichagui." Mimi nilitaka kubwa. Nilizungumza habari za mwanga hafifu wa makanisani na lenzi za kubadilisha, na yote yalikuwa kweli, lakini nikiwa mkweli leo, nilitaka kusimama mbele ya kwaya watu wajue mpiga picha ni nani. Waliotuita kwenye sherehe walikuwa wakitazama kamera yetu kabla ya kututazama sisi, na ile plasta kwenye mlango wa betri ilinichoma moyo. Tukienda na kijikamera cha sabuni, bibi harusi angedhani sisi ni wageni wa upande wa bwana. Kwamboka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ya harusi tutatafuta mwaka ujao. Mwaka ujao Mama hayuko hapa." Nikasema sawa, iwe ndogo. Kisebusebu na kiroho papo.

Kibet alipopita kutuaga, Kwamboka mwenyewe ndiye aliyempa jibu. Pale chumbani, kubwa tuliiita "ya harusi" na ndogo tuliiita "ya mfuko", na ndivyo alivyomwambia: "Sisi tunataka ile ya mfuko." Mwalimu wa Kiswahili angetaka aseme "ya mfukoni". Lakini huku kwetu bara nani ana muda wa kuongeza silabi? Mfuko ni wa shati, na mfuko ni ule unaobebea vitu begani, na sote tulikuwa tukielewana tu, kwa sababu tulikuwa tukitazamana machoni. Kibet alirudia, "Ya mfugo," Kwamboka akamuuliza kama kamera hiyo ni ya kupiga picha ng'ombe, tukacheka, akaenda zake.

Alinipigia kutoka dukani. Nilikuwa sokoni, nimeshika sweta la mtoto mkononi, mteja amesimama mbele yangu akilikagua. "Chela, niko kwa duka," Kibet alisema. "Ni ile ya mfugo, sindio? Nimeiona. Iko na mfugo poa sana, nyeusi, na ukanda ya bega, na lenzi inawekwa kando. Huyu jamaa ananiambia haina kioo." Nilielewa papo hapo. Sikuhitaji kufikiri. Mtandao ulikuwa safi hata nikasikia kengele ya mlango wa duka ikilia huko aliko, na maneno ya kumrekebisha yalikuwa machache kuliko haya ninayoandika: hapana, ndogo, ya kutia kwenye mfuko wa shati. "Ni hii?" akauliza tena. "Ni hiyo," nikasema. "Nunua." Kisha nikampunguzia yule mteja bei ya sweta kupita kiasi, nikajiona mtu mwema. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimeshapata utetezi wangu: sikudanganya, aliuliza kama ni ya mfuko, na mfuko ilikuwa nao. Ningekuwa wakili ningetajirika.

Kibet aliporudi aliuweka mfuko ule juu ya kitanda chetu kwa fahari, akarudi nyuma kama mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari. Kwamboka alifungua zipu, akatazama ndani, akanitazama mimi, akacheka. Nadhani alidhani ni mzaha na kwamba ile ndogo iko mfukoni mwa Kibet. "Kibet, si tulisema ya mfuko?" Kibet akaupigapiga ule mfuko mweusi. "Si mfugo ndio hii?" Niliona jambo lenyewe likimfikia Kwamboka taratibu usoni, kutoka macho hadi mdomo. Akajipiga paji la uso. "Ni mimi. Ni mimi nilisema vibaya. Kiswahili yangu ya Kisii itaniua." Kibet alitamani ardhi immeze, akaomba msamaha kwa lugha zote alizokuwa nazo bila kutaja simu ya dukani, nadhani kwa kunistahi, na Kwamboka ndiye aliyembembeleza, akamwambia zawadi ni zawadi, kosa ni lake mwenyewe aliyeshindwa kuongea kama watu. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nachemsha chai. Niliikoroga chai ile kwa muda mrefu bila sababu. Tangu siku hiyo Kwamboka hakupenda tena kuwapigia simu wachungaji wala wenye harusi. "Piga wewe," alikuwa akiniambia. "Mimi nitaharibu." Nami nilipiga. Nilipata sifa ya kuongea vizuri.

Tulijaribu kuingia nayo shambani, hatukukaa bure. Msimu wa majani mengi walichuma hata Jumapili, na Mama alikuwa ametuambia siku hiyo yuko mstari wa karibu na barabara. Soja alitufungulia mfuko getini. Alikuwa mtu mpole, Mkipsigis wa makamo, alinisalimu "chamgei" na kuniuliza ukoo wangu kabla ya kutukatalia. "Hii ni ya wale watu wa habari," akasema akiitazama lenzi. "Ni ya picha ya mamangu tu," Kwamboka akamwambia. "Hata kama, dada. Kitu nisingeona, nisingesema. Hii nimeiona, na itanifutisha kazi." Tuliiacha kibandani mwake tukaingia mikono mitupu. Mama alikuwa amesimama mwisho wa mstari, hachumi. Alikuwa ameosha eproni, amefunga kitambaa kipya cha rangi ya machungwa, na ameshika kamba za kikapu kwa mikono miwili tayari kwa picha. "Iko wapi?" akauliza. Kwamboka akamweleza. "Haya," Mama akasema, akageuka akaingia kwenye chai, na vidole vyake vikaanza kwenda. Kwamboka aliandika barua ya kuomba ruhusa kwa meneja, akaichapa vizuri kuliko barua zote alizowahi kuchapia wateja. Haikujibiwa.

Kamera, kwa upande wake, ilinijenga. Sitaki kudanganya hapo. Ilipiga harusi za Silibwet zikatoka kama za mjini, na tajiri mmoja wa Mulot alituita kwa ubatizo wa wajukuu wake, na mwisho wa mwaka watu walikuwa wakisema "yule Chela wa kamera". Kwamboka alibeba mfuko. Alikuwa akifuta lenzi kwa kitambaa chake cha kichwa na kunipa kamera mkononi kabla sijaomba. Wakati mwingine katikati ya sherehe nilimtazama ameuning'iniza begani, anawapanga watoto kwa urefu, anacheka nao. Nilikuwa nikijiambia nitamwambia wikendi ijayo. Kila wikendi ilikuwa na harusi.

Mwezi wa kumi nikapata wazo, na wazo la mtu mwenye hatia huwa na pupa. Ami yangu alikuwa na chai yake karibu na Silibwet, ya mkulima mdogo tu, haina geti wala soja. Tukamleta Mama huko, tukaazima kikapu. Aliingia kwenye mistari kwa adabu ya mgeni. "Hii chai ni ya nani?" akauliza, nikamwambia ni ya ami, achume tu. Alichuma mikono miwili ya majani, akayatazama, akayaweka kikapuni polepole kama mtu anayeogopa kuitwa mwizi. "Omwana one," aliniambia, akimaanisha mwanangu, "hapa hata kilima ni ya watu wengine." Lakini alisimama nilipomwambia asimame. Nikafungua lenzi mpaka mwisho ili nyuma kulainike, kama nilivyokuwa nikifanya kwa mabibi harusi, kwa sababu hicho ndicho nilichojua kuwa uzuri. Nilijivunia picha ile. Uso wake ulitoka na kila mkunjo, kitambaa cha machungwa kikawaka, macho yakang'aa.

Nilimpelekea imechapishwa kubwa. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Nimetoka msichana," akasema, tukacheka. Kisha akaniuliza, "Lakini hapa ni wapi?" Kwamboka akamwambia ni kwa chai, si unaona. "Mimi najua ni chai, nilikuwa hapo. Wao watajuaje? Hii ni kijani tu. Watasema nilisimama mbele ya pazia." Kikapu chenyewe kilikuwa mgongoni, lenzi ilikuwa imekimeza pamoja na kila kilichokuwa nyuma ya masikio yake. Nilimweleza, Mungu anisamehe, kwamba picha za bei ghali ndivyo zilivyo. Akasema asante. Aliifunga kwa gazeti, akaniongezea mboga kwenye sahani. Sijawahi kula chakula kizito kama kile.

Mwezi wa kumi na mbili alirudisha ufunguo, akaenda. Alikaa Kisii miaka miwili, kisha akafariki kwa ugonjwa wa siku chache. Nilikwenda kwenye mazishi na kamera ileile, kwa sababu Kwamboka aliniomba nipige picha, akasema hataki mtu mwingine. Mbele ya jeneza waliweka ile picha ya kijani. Shemeji yake Mama alisoma historia ya marehemu, na habari za maisha yake yote ya chai zikawa sentensi moja: alikuwa Kericho, akarudi. Akapita moja kwa moja kwenye ugonjwa uliomwua. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alimnong'oneza mwenzake, "Kericho alikuwa anafanya nini?" na mwenzake akasema hajui, labda biashara. Nilisikia vizuri. Niliinua kamera nikaziba uso wangu nayo, nikaendelea kupiga.

Ijumaa ikafika. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta nikafanya alichotaka. Haikuchukua muda. Niliandika tu anachotaka, na chai ikajipanga nyuma ya Mama, mistari imenyooka, vilima, ukungu kidogo, hata banda la mizani kwa mbali. Siku hizi hata masoja wanajipiga picha kwenye chai kwa simu zao, na ningeweza kwenda shambani nikaleta ya kweli, lakini niliogopa kupita geti lile. Kwamboka alipoiona kwenye kioo cha kompyuta alijishika mdomo. "Ndiyo hii," akasema. "Chela, ndiyo hii alikuwa anataka." Alilia kidogo, akajipangusa kwa kiganja. "Unajua mimi huambia watoto wangu wasome Kiswahili vizuri. Huwaambia, mimi nilinyima mamangu picha sababu ya neno moja. Ningesema vizuri siku ile, angeenda nayo nyumbani."

Miaka yote nilikuwa nimepanga namna ya kumwambia, na maelezo marefu, na ujana wetu, na umaskini wa plasta ile. Yote hayakutoka. "Kibet alinipigia kutoka dukani," nikasema. "Akaniuliza kama ni hiyo. Nilijua ameshika ile siyo, na nikamwambia anunue." Kwamboka hakunigeukia. Aliendelea kumtazama Mama amesimama kwenye chai ambayo haipo popote. Nje mtu alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma, anabishana na mteja.

"Kwa hivyo haikuwa Kiswahili yangu," akasema.

"Haikuwa."

Akairudia kwa Kikisii, polepole, kama anamwambia mtu mwingine aliyekuwa chumbani. Nilianza kuomba msamaha, akainua mkono. Nilingoja anitukane na nilitamani anitukane. "Toa hiyo chai ya kompyuta," akaniambia. "Mama hajawahi kusimama hapo." Nikaitoa. Kijani kile kikarudi nyuma yake, kitupu, bila kilima wala mstari. "Sasa iprinti hivyo. Na siku ya kaburi utakuja. Wale wazee watauliza hapa ni wapi, na mimi sitafungua mdomo. Utasimama wewe uwaambie alikuwa wapi, na alikuwa anafanya nini, na ni kwa nini haionekani."

Nikasema nitakuja. Alisimama, akanyoosha sketi, akafika mlangoni kisha akasimama bila kugeuka.

"Na useme vizuri," akaniambia. "Si wewe ndio ulikuwa unajua Kiswahili."